Kila Waya Una Kazi Yake

Kwa miaka mingi nchini Uingereza imekuwako desturi ya watu wa kawaida kujiundia magari yao wenyewe katika mabanda ya nyumba zao. Anayetaka kufanya kazi hiyo hununua fremu ya chuma na bodi kutoka kiwanda kidogo, kisha hutafuta gari kuukuu lililoliwa na kutu, akatoa ndani yake injini, giaboksi, ekseli, usukani na nyaya za umeme. Desturi hiyo ilipata nguvu baada ya mwaka 1957, Colin Chapman alipotoa gari dogo liitwalo Lotus Seven. Mnunuzi aliyelichukua likiwa vipande vipande na kuliunga mwenyewe hakutozwa kodi ya mauzo iliyotozwa magari yaliyokamilika. Mwaka 1973 kodi hiyo ilifutwa ilipoingia kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huohuo haki za kuunda gari hilo zikachukuliwa na Caterham; lakini desturi haikufa. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kuunda gari la jinsi hiyo kwa paundi 250 tu, kwa kutumia vipuri vya Ford Escort kuukuu. Waundaji wengine wamegeukia Ford Sierra na Mazda MX-5.

Kazi ya vyuma katika uundaji huo ni ngumu, lakini inaonekana kwa macho. Bolti isiyokaza huchezacheza, na ekseli iliyopinda hupimika kwa rula. Umeme hauna sura. Fundi anapolifungua gari kuukuu hukutana na mafungu ya nyaya za rangi nyingi, yaliyozungushiwa utepe mweusi, yakipita chini ya zulia, nyuma ya dashibodi na ndani ya milango. Gari jipya analoliunda huenda halina redio, wala vioo vya umeme, wala hata milango. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nyaya hizo haihitajiki. Hapo ndipo kinapokuja kishawishi cha kushika koleo na kukata kila kisichojulikana.

Matokeo ya kukata bila kujua ni ya namna mbili. La kwanza ni gari lisilowaka, ambalo mwenyewe atalihangaikia kwa majuma asiione sababu. La pili ni baya zaidi: waya wenye umeme ulioachwa wazi, ukagusa chuma karibu na bomba la petroli, ndani ya bodi ya faibaglasi ambayo ikishika moto huungua upesi. Aidha, tangu mwaka 1998 magari ya aina hii nchini Uingereza yamekuwa yakikaguliwa moja moja kabla ya kusajiliwa, na utaratibu uliopo ulianza mwaka 2009. Gari ambalo taa zake haziwaki ipasavyo, au ambalo nyaya zake zinaning'inia, haliruhusiwi kuingia barabarani.

Jambo linalomwokoa mwundaji si ufundi wa mikono pekee. Ni elimu ileile ya mkondo wa umeme inayofundishwa katika shule za sekondari, ikitumiwa kwa utaratibu na subira.

MTI NA MATAWI YAKE

Ukitazamwa kijuujuu, mtandao wa nyaya za gari hufanana na kamba zilizosokotana. Kwa hakika una mpango kama wa mti. Shina lake ni waya mnene utokao katika ncha chanya ya betri. Shina hilo hutoa matawi makuu matatu. Tawi la kwanza lina umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa dereva. Hilo hulisha vitu kama taa za tahadhari na taa ya ndani. Tawi la pili hupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Hilo hulisha mfumo wa cheche za injini, waipa, indiketa na, katika magari mengi, taa za breki. Tawi la tatu hupata umeme kwa nukta chache tu, ufunguo unaposhikiliwa ili kuzungusha stata.

Kutoka katika matawi hayo mkondo hupita kwenye fyuzi, kisha swichi, kisha chombo chenyewe kama vile balbu au mota, na mwisho lazima urudi kwenye ncha hasi ya betri. Njia ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja ndiyo saketi. Ikikatika mahali popote, hata katika njia ya kurudi, mkondo husimama.

Mtu akilielewa hilo, hatazami tena mamia ya nyaya, bali saketi kumi na kadhaa: ya stata, ya kuchaji betri, ya cheche, ya pampu ya mafuta, ya taa kuu, ya taa ndogo, ya breki, ya indiketa, ya honi, ya waipa, ya mita za dashibodi na kadhalika. Kila moja inaweza kushughulikiwa peke yake, kama mwanafunzi anavyoshughulikia swali moja katika mtihani kabla ya kwenda kwenye jingine.

RANGI SI LUGHA YA ULIMWENGU MZIMA

Nyaya za gari hupakwa rangi ili zitambulike. Mara nyingi waya huwa na rangi moja ya msingi na mstari mwembamba wa rangi nyingine. Rangi ya msingi huonyesha ukoo wa saketi, na mstari huonyesha mwana katika ukoo huo. Katika magari ya zamani ya Kiingereza, kwa mfano, kijani ni ukoo wa vyombo vinavyopata umeme wa ufunguo baada ya kupita kwenye fyuzi. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, na kijani chenye mstari mweupe ni indiketa ya kulia.

Hatari iko hapa: lugha hiyo hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Katika magari hayo ya Kiingereza, waya wa kahawia hubeba umeme wa betri moja kwa moja, nao mara nyingi haukupitia fyuzi yoyote. Waya mweusi ndio ethi, yaani njia ya kurudi kwenye ncha hasi. Katika magari ya Kijerumani, waya wa kahawia ndio ethi, na mweusi mara nyingi hubeba umeme wa ufunguo. Ford za Ulaya za miaka ya 1980, kama vile Sierra, zilifuata desturi hiyo ya kahawia kwa ethi. Mtu aliyezoea magari ya aina moja, akiunganisha kahawia kwa kahawia na nyeusi kwa nyeusi bila kupima, huenda akawa ameunganisha chanya ya betri na hasi yake. Hiyo ndiyo shoti.

Jambo hili haliwahusu Waingereza peke yao. Katika barabara za Tanzania na Kenya hupita magari ya Kijapani, ya Kijerumani na ya Kiingereza, na mafundi wa umeme wa magari hulazimika mara kwa mara kutia kipuri cha gari moja katika gari jingine. Katika magari mengi ya Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi ndio ethi. Fundi asiyejua hilo hawezi kulikisia kwa kutazama.

Kwa bahati njema ipo lugha ya pili isiyotegemea rangi. Swichi na rilei nyingi huchorwa namba kwenye ncha zake kwa kufuata kanuni ya Kijerumani iitwayo DIN 72552. Namba 30 ni umeme wa betri wa wakati wote. 15 ni umeme wa ufunguo. 31 ni ethi. 50 ni waya wa kuamrisha stata. Katika rilei, 85 na 86 ni ncha za koili, na 87 ni mahali umeme unapotokea kwenda kwenye chombo. Mwenye kuzijua namba hizo anaweza kuisoma swichi asiyopata kuiona kamwe.

KUTAMBUA KABLA YA KUKATA

Utaratibu unaofaa huanza gari kuukuu likiwa bado zima. Kila chombo huwashwa na kuandikwa: kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi. Kosa lililokuwamo tangu mwanzo lisije likatafutwa baadaye katika kazi mpya. Kisha betri hutolewa. Kila plagi hufungiwa kibandiko chenye jina la chombo chake kabla ya kuchomolewa, nayo hupigwa picha. Kibandiko kilichoandikwa kwa penseli nzuri leo huokoa siku nzima ya kubahatisha mwakani.

Magari yenye mifuko ya hewa ya usalama yanahitaji tahadhari ya pekee. Mfuko huo hufumuliwa na baruti ndogo inayowashwa kwa umeme, na hata mkondo mdogo wa mita ya kupimia waweza kutosha kuilipua. Nyaya zake hazipimwi kamwe kwa mita ya kawaida. Hutolewa kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji wa gari.

Mtandao wote hutolewa bila kukatwa, ukalazwa sakafuni kwa umbo lile lile uliokuwa nalo ndani ya gari, taa za mbele upande mmoja na za nyuma upande wa pili. Ndipo utepe huondolewa polepole, na saketi hufuatwa moja baada ya nyingine kwa kulinganisha mambo matatu: mchoro wa umeme wa gari hilo, rangi za nyaya, na kipimo. Mita ya umeme ikiwekwa kwenye nafasi ya kupima ukinzani huonyesha kama ncha mbili ni za waya mmoja: ukinzani ukikaribia sifuri, waya ni mmoja na ni mzima, usipokuwako mwendelezo, ama ni nyaya mbili tofauti au umekatika. Mchoro waweza kuwa wa gari la mwaka mwingine, na rangi yaweza kuwa imepauka. Kipimo ndicho shahidi wa mwisho.

Nyaya zinazothibitika kuwa hazina kazi, kwa mfano za redio, za vioo vya umeme na za kioo cha nyuma kinachopashwa joto, hufuatwa hadi zinapoanzia, zikatolewa zote. Kuacha kipande kifu ndani ya fungu ni kumwachia mtu mwingine kitendawili. Mtandao wa nyaya za kompyuta ya injini, kama gari linayo, ni bora uachwe mzima, kwa kuwa vihisio vyake hufanya kazi kwa mikondo midogo sana inayoharibiwa upesi na maungio mabovu.

VITU VIDOGO VYENYE KAZI KUBWA

Mifano miwili yaonyesha kwa nini haifai kukitupa kitu kwa sababu tu kinaonekana kuwa ni pambo.

Wa kwanza ni ile taa ndogo nyekundu ya betri katika dashibodi. Mwundaji anayetaka dashibodi nyepesi huweza kuiona kama ya ziada. Lakini altaneta, mashine inayofua umeme wa gari, hutumia sumaku-umeme inayozunguka. Ili ianze kufua, sumaku hiyo lazima kwanza ipate mkondo kidogo kutoka kwenye betri, na katika magari mengi mkondo huo hupitia katika taa hiyohiyo. Balbu ya wati 2.2 katika volti 12 hupitisha takriban ampea 0.18, kiasi kinachotosha kuiamsha sumaku. Altaneta ikianza kufua, volti katika upande wake wa balbu hupanda hadi kulingana na ya betri; pande mbili za balbu zikiwa sawa, mkondo hausukumwi tena, na taa huzimika. Taa hiyo ikitupwa, altaneta nzima kabisa yaweza kukaa bila kufua, na betri ikaisha njiani usiku.

Mfano wa pili ni swichi ya taa za tahadhari. Katika magari mengi umeme wa indiketa za kawaida hupita ndani ya swichi hiyo kabla ya kufika kwenye kidude cha kuzimulikisha. Anayeiondoa huku akidhani kwamba ameondoa taa za tahadhari peke yake hushangaa kuona indiketa zote zimekufa. Mchoro ungalimwonya mapema.

NJIA YA KURUDI

Katika gari la kawaida lenye bodi ya chuma, mtengenezaji hupunguza nyaya kwa kuitumia bodi yenyewe kama njia ya kurudi. Taa ya nyuma hupata waya mmoja wa kuleta umeme, na mkondo hurudi kupitia mabati hadi kwenye ncha hasi ya betri. Gari la kujiundia mara nyingi lina bodi ya faibaglasi, na faibaglasi ni kihami. Taa iliyofungwa juu yake kama ilivyokuwa katika gari kuukuu haitawaka, hata kama balbu ni mpya na fyuzi ni nzima. Kila taa huhitaji waya wake wa kurudi. Hata fremu ya chuma, ikiwa imepakwa rangi nzito, haitapitisha mkondo mpaka rangi ikwanguliwe pale waya unapofungiwa.

Ethi mbovu ina dalili inayoshangaza. Dereva akiwasha indiketa, taa ndogo za upande huo nazo hupepesa kwa mwanga hafifu. Hakuna uchawi. Mkondo ukikosa njia yake ya halali ya kurudi, hupitia katika balbu za jirani na kutafuta ethi kwa njia ndefu. Anayejua kanuni ya saketi hafungui swichi wala habadilishi balbu. Huenda moja kwa moja kwenye waya wa ethi.

UNENE WA WAYA NA KAZI YA FYUZI

Taa kuu mbili za wati 55 kila moja hutumia wati 110. Kwa volti 12, mkondo wake ni 110 kugawanywa kwa 12, yaani takriban ampea 9.2. Waya wa shaba wenye mkato wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa karibu ohm 0.017 kwa kila mita. Ikiwa mkondo huo utasafiri mita 6 kutoka betri hadi swichi ya dashibodi na kurudi mbele kwenye taa, ukinzani wa waya utakuwa ohm 0.10, na volti zitakazopotea njiani ni 9.2 mara 0.10, yaani karibu volti 0.9. Hasara hiyo yaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu hupungua kwa haraka kuliko volti: upungufu huo wa asilimia 8 hivi wa volti huondoa karibu robo ya mwanga.

Dawa yake ni rilei. Swichi ya dashibodi huamrisha koili ndogo inayotumia sehemu ndogo tu ya ampea moja, na koili hiyo huvuta swichi nzito iliyowekwa karibu na taa. Mkondo mkubwa sasa husafiri mita 1.5 tu katika waya wa milimita 2.5 za mraba, na volti zinazopotea hazifiki 0.1. Taa hung'aa, na swichi ya dashibodi haipati moto.

Ikitokea shoti, hesabu hubadilika. Waya wa mita 2 wenye mkato wa milimita moja ya mraba una ohm 0.034. Ikichukuliwa kwamba ukinzani wa ndani wa betri ni ohm 0.01, mkondo utakuwa 12 kugawanywa kwa 0.044, yaani zaidi ya ampea 270. Joto litakalozalishwa ndani ya waya huo ni takriban wati 2,500, sawa na birika la umeme la kuchemshia maji. Ila hapa hakuna maji ya kulipokea joto hilo. Plastiki huyeyuka upesi, na nyaya za jirani hufuata.

Kwa sababu hiyo fyuzi haiwekwi ili kukilinda chombo, kama wengi wanavyodhani. Huwekwa ili kuulinda waya. Ampea za fyuzi zapaswa kuzidi kidogo mahitaji ya chombo, na kuwa chini ya kile ambacho waya waweza kubeba bila kupata joto la hatari. Nayo huwekwa karibu na betri iwezekanavyo, maana kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na chochote. Anayeweka fyuzi kubwa zaidi kwa sababu ile ndogo inaungua kila mara, au anayeziba nafasi yake kwa kipande cha waya, ameugeuza mtandao mzima kuwa fyuzi.

KUWASHA KWA MARA YA KWANZA

Baada ya maungio kubanwa vizuri na nyaya kufungwa mbali na bomba la moshi na mbali na kingo kali za chuma, huja saa ya kuunganisha betri. Hapa wenye busara hutumia hila rahisi. Badala ya kuunganisha ncha chanya moja kwa moja, huweka balbu ya wati 21 kati ya betri na mtandao. Kama kuna shoti mahali popote, balbu huwaka kwa nguvu zake zote, lakini mkondo hauwezi kuzidi ampea 1.75, na hakuna kitakachoungua. Kama balbu haiwaki wakati swichi zote zimefungwa, njia ni salama. Fyuzi hutiwa moja baada ya nyingine, huku balbu ikitazamwa, mpaka saketi zote zimethibitishwa. Ndipo balbu huondolewa na gari likapewa betri yake.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuifanya hila hiyo darasani bila gari lolote. Betri kavu nne, balbu mbili za tochi, swichi na nyaya chache zatosha. Wanafunzi waunde saketi ya balbu moja, kisha waunganishe balbu ya pili kama mlinzi kati ya betri na saketi. Mwalimu asababishe shoti kwa siri katika mojawapo ya saketi hizo, na wanafunzi waitafute kwa kuangalia mlinzi anawaka kiasi gani. Baada ya hapo wapewe fungu la nyaya sita za rangi moja, zilizofungwa kwa utepe, na waulizwe kila ncha ni ya waya upi. Hawatapata jibu kwa macho. Watalipata kwa kupima, na kwa kuandika kila walichopima kabla ya kugusa waya unaofuata.